Mashine ya ubongo ipo, mpimaji yuko wapi?

Kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG, huweza kuharibikia saluni, kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Chukulia binti aliyesukwa rasta juzi. Nywele za bandia zimekazwa hadi shinani, na kichwa kimepakwa mafuta ya nazi ya kutosha. Asubuhi anafika hospitali ya rufaa na mama yake, mkononi wana barua ya daktari inayosema apimwe EEG kwa sababu anashukiwa kuwa na kifafa. Usiku wamelala ndani ya basi. Anayewapokea ana futi kamba, penseli ya rangi na visahani 21 vya chuma vilivyoungwa kwenye nyaya, na kila kisahani sharti kiguse ngozi ya kichwa. Nywele na mafuta ni vizuizi.

Awarudishe wakafumue, waje wiki ijayo kwa nauli nyingine? Avipachike visahani popote panapopenyeka, hata kama si mahali pake? Au waketi wafumue pamoja, foleni nje ikizidi kurefuka? Uamuzi ni wake, na matokeo yake yatasomwa na daktari bingwa ambaye huenda yuko mji mwingine na hatamwona binti huyo kamwe.

Anayefanya kazi hiyo huitwa mteknolojia wa EEG. Tunamjua mteknolojia wa maabara anayetutoa damu, na wa mionzi anayetupiga eksirei. Huyu wa ubongo wengi hatumjui, ingawa bila yeye mashine ya mamilioni inabaki samani ya chumba. Makala hii inaeleza kazi yake ni ipi, inasomewa vipi, na kwa nini hospitali zetu zinahitaji kumwandaa kabla ya kuagiza mashine nyingine.

Umeme mdogo kuliko wa moyo

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Mamilioni ya seli za tabaka la juu zinapopandisha na kushusha chaji kwa pamoja, sehemu ndogo ya umeme huo hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa. Kinachofika ni kidogo mno, kwa kawaida kati ya maikrovolti 10 na 100. Umeme wa moyo unaopimwa kifuani hufikia milivolti 1 hivi, yaani mara 20 ya wimbi la ubongo la maikrovolti 50. Betri ya tochi ya volti 1.5 inalizidi wimbi hilo mara 30,000.

Wa kwanza kuunasa umeme huo kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Mwaka 1924 alimpima kijana wa miaka 17 aliyekuwa na tundu kwenye fuvu baada ya upasuaji. Baadaye alimpima mara nyingi mwanawe mwenyewe, Klaus, na hakuchapisha matokeo yake hadi 1929. Aliona kwamba mtu aliyetulia akifumba macho, nyuma ya kichwa hujitokeza mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde, akifumbua, yanafifia. Wanasayansi wengi walimpuuza mpaka mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge, Uingereza, waliporudia jaribio hilo na kuona jambo lilelile.

Mwaka uliofuata, mjini Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walionyesha mchoro wa kifafa cha kuduwaa: mtoto anaganda sekunde chache, macho yako wazi, na kwenye karatasi mawimbi makali yanapanda na kushuka mara 3 kwa sekunde. Tangu hapo EEG ikawa kipimo cha hospitali. Kitabu kilichofundisha madaktari kusoma michoro hiyo, *Atlas of Electroencephalography* cha mwaka 1941, kina majina mawili: Frederic Gibbs na mkewe Erna Gibbs. Mama huyo, mzaliwa wa Ujerumani, aliingia katika utafiti huo kama fundi wa maabara. Hakuwa daktari. Fani hii tangu mwanzo ilijengwa na mikono ya mafundi waliojua wanachokiona.

Futi kamba na hesabu ya asilimia

Somo la kwanza la vitendo ni kupima kichwa. Dunia nzima hutumia mfumo mmoja, uitwao 10-20, uliochapishwa na Herbert Jasper wa Montreal mwaka 1958. Mpimaji hutafuta alama nne za mfupa: kibonde kilicho kati ya macho pale pua inapoanzia, kinundu cha kisogoni, na vibonde viwili mbele ya masikio. Kisha hupitisha futi kamba kutoka mwanzo wa pua, juu ya utosi, hadi kisogoni.

Tuseme amepata sentimita 36. Asilimia 10 yake ni sentimita 3.6, na hapo ndipo alama ya kwanza inapowekwa, juu ya paji la uso. Kutoka hapo anaruka kwa asilimia 20, yaani sentimita 7.2 kila mara: alama zinaangukia 10.8, 18, 25.2 na 32.4, zikibaki sentimita 3.6 kufika kwenye kinundu. Anarudia hesabu hiyo kutoka sikio hadi sikio, kisha kuzunguka kichwa. Alama za kushoto hupewa namba witiri na za kulia namba shufwa. Herufi hutaja eneo: F ni mbele, C ni katikati, T ni pembeni juu ya sikio, O ni kisogoni. Kwa kuwa hesabu ni ya asilimia, kichwa cha kichanga na cha mtu mzima hupimwa kwa kanuni moja, na daktari wa Nairobi anaweza kusoma mchoro uliochukuliwa Kigoma akajua kila mstari umetoka wapi.

Mwanafunzi hufundishwa kuiogopa sentimita moja. Visahani viwili vikikaribiana upande wa kushoto kuliko wa kulia, mawimbi ya kushoto huonekana mafupi. Msomaji asiyekuwepo chumbani anaweza kuandika kwamba upande huo wa ubongo una hitilafu. Kuanzia hapo mgonjwa anatumwa CT-scan, ambayo familia huenda ikauza mbuzi kuilipia, kutafuta uvimbe uliozaliwa na futi kamba.

Baada ya kuweka alama inakuja kazi ya ngozi. Kila mahali panasuguliwa kwa dawa maalumu ili kuondoa mafuta na ngozi iliyokufa, kisha kisahani kinabandikwa kwa jeli nzito ipitishayo umeme. Mashine hupima ukinzani wa kila kisahani, na mteknolojia aliyefunzwa hawashi kurekodi mpaka ukinzani ushuke chini ya kiloomu 5, au angalau chini ya 10 kwa miongozo ya sasa. Ukiwa mdogo kupita kiasi nao ni ishara mbaya: jeli imetiririka ikaunganisha visahani viwili, na sasa vinapima kitu kimoja.

Hapa ndipo nywele zetu zinapoleta mtihani wake. Nywele za kipilipili husukuma kisahani juu, na kofia za kupimia zinazouzwa zilibuniwa zaidi kwa nywele laini. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha ubunifu wa vibanio viitwavyo Sevo. Mgonjwa husukwa kwa mistari inayofuata ramani ya 10-20, ngozi ikabaki wazi pale pale panapotakiwa, na kibanio hujishikilia chini ya msuko. Kinamama wetu wanaosuka twende kilioni wangeielewa kanuni hiyo bila kuelezwa mara mbili. Mteknolojia wa Afrika Mashariki anayejua kusuka ana ujuzi ambao vyuo vya mbali vimeanza kuutafiti juzi tu.

Kuutenga ubongo na visivyo ubongo

Kukusanya mawimbi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua yapi hayakutoka kwenye ubongo.

Jicho ni kama betri ndogo, mbele chanya na nyuma hasi; mtu akipepesa, mbele ya kichwa linapanda wimbi kubwa linalofunika kila kitu. Ulimi nao una chaji, hivyo mgonjwa anayemung'unya hutoa mawimbi ya polepole yanayofanana na ya ugonjwa. Taya likikazwa, mistari inakuwa minene na myeusi. Moyo hujipenyeza, hasa kwa mtu mwenye shingo fupi. Mshipa unaopiga chini ya kisahani hukitikisa kwa mapigo. Kisahani kinachobanduka hutoa mchomo wa ghafla ambao asiyejua atauita kifafa.

Na hapa pwani kuna jasho. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa hubadilisha chumvi ya ngozi, mistari yote ikaanza kupanda na kushuka taratibu. Kiyoyozi nacho, nyaya zake zikiwa karibu, huingiza mtetemo wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio mpigo wa umeme wa gridi zetu. Wenzetu wa Marekani husumbuliwa na mizunguko 60.

Mteknolojia hufundishwa kumtega mhusika mmoja mmoja. Akishuku ulimi, humwambia mgonjwa aseme "la, la, la" na kutazama kama wimbi linajirudia. Akishuku jicho, hulishika kope kwa upole. Akishuku kisahani, hukibandika upya. Akishuku umeme wa ukutani, huchomoa kitanda, simu na taa kimoja baada ya kingine. Kila alichokifanya hukiandika kwenye rekodi palepale: saa ngapi, mgonjwa alikohoa, aliongea, alisinzia. Asipoandika, daktari anabaki kubahatisha, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za miaka mingi kwa sababu ya kikohozi.

Mashine mpya zina machujio ya kompyuta, na hapo pana mtego mwingine. Chujio linalofuta mtetemo wa taya linaweza pia kulainisha mchomo halisi wa kifafa, na lile linaloondoa jasho linaweza kufuta mawimbi ya polepole ya uvimbe. Anayebonyeza kitufe lazima ajue anachokipoteza.

Pumzi, mwanga na usingizi

Kwa miongozo ya Marekani, rekodi ya kawaida inapaswa kuwa na angalau dakika 20 zilizo safi. Kwa mpangilio wa sekunde 10 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 120. Ndani ya muda huo ubongo huchokozwa kidogo ili uonyeshe kasoro ambayo ungeificha.

Uchokozi wa kwanza ni pumzi. Mgonjwa huhema kwa nguvu dakika 3, na mtoto hupewa kichezeo cha karatasi kinachozunguka kikipulizwa. Hewa ya ukaa hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana, na kwa mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa yale mawimbi matatu kwa sekunde hutokea mbele ya macho ya mpimaji.

Lakini kujibana huko kwa mishipa ni hatari kwa mwenye selimundu, kwa aliyepata kiharusi karibuni, na kwa mwenye ugonjwa mzito wa moyo au mapafu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kwa hiyo swali ambalo katika nchi za baridi huulizwa kwa nadra, hapa ni la kila mgonjwa, kila siku. Mtu aliyeonyeshwa tu kitufe cha kuwashia, bila kufundishwa damu na mishipa, anaweza kumwambia mtoto wa selimundu apulize kichezeo kwa furaha na kumletea kiharusi.

Uchokozi wa pili ni taa inayomulika kwa kasi tofauti. Wachache wenye kifafa huchokozwa na mwanga, na mpimaji lazima aizime taa mara mchoro unapogeuka, kabla degedege halijaanza. Wa tatu ni usingizi. Aina kadhaa za kifafa hujionyesha mtu anaposinzia, ndiyo maana wengine huambiwa wakeshe usiku wa kuamkia kipimo. Njaa pia inabadilisha mawimbi kwa kushusha sukari ya damu, jambo la kuzingatiwa wakati wa kupanga miadi ya mwezi wa Ramadhani.

Juu ya hayo mwanafunzi anajifunza umri. Mtoto wa mwaka mmoja ana mawimbi ya kisogoni 6 hivi kwa sekunde, na akifika miaka mitatu yanakaribia 8. Kasi hiyo ya mtoto wa mwaka, kwa mtu mzima aliye macho, ni ugonjwa. Anajifunza dawa pia: diazepamu na fenobabito, ambayo ndiyo dawa ya kifafa inayopatikana zaidi kwenye zahanati zetu, huongeza mawimbi ya haraka. Bila kuuliza mgonjwa anameza nini, mchoro unadanganya.

Kipimo kinachojua mipaka yake

Jambo ambalo mteknolojia mzuri analijua, na ambalo kila mzazi anapaswa kulijua, ni kwamba EEG safi haimwondoi mtu kwenye kifafa. Kipimo cha kwanza huonyesha kasoro kwa takribani nusu tu ya wenye ugonjwa; kikirudiwa, hasa usingizini, wengi zaidi hugundulika. Upande wa pili, watu wachache wazima kabisa wana michomo kwenye rekodi na hawajaanguka maishani. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeona tukio. EEG inasaidia kuthibitisha, kutaja aina ya kifafa na kuchagua dawa.

Ndiyo maana mafunzo yana somo la kuuliza. Lilianza mkono upi? Macho yaligeukia wapi? Alijikojolea? Alizinduka baada ya muda gani? Mama aliyeshuhudia ana majibu ambayo mashine haina, lakini mara nyingi hajaulizwa na yeyote aliyetulia kumsikiliza. Mteknolojia anakaa na familia karibu saa nzima, muda mrefu kuliko daktari wa zamu.

Tena hukutana na hofu. Kule Mahenge, wilayani Ulanga mkoani Morogoro, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliandika habari za wagonjwa waliotengewa vyombo vya kulia na wengine walioungua motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa, wakiamini povu linaambukiza. Utafiti wa wilaya hiyo uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta watu wapatao 10 kati ya kila 1,000 wana kifafa. Imani hizo hazijaisha. Wapo wanaoingia chumba cha EEG wakidhani mashine inasoma mawazo, au inatia umeme kichwani, au itatoa pepo. Kueleza kwamba visahani vinapokea tu, havitoi kitu, ni sehemu ya kazi sawa na kupima kwa futi kamba.

Mgonjwa akianguka katikati ya kipimo, asiyefunzwa hukimbia kuita msaada. Aliyefunzwa humgeuza ubavu, huondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, haingizi kijiko wala kitambaa mdomoni, huita msaada huku akiendelea kurekodi. Humwita kwa jina, humpa neno la kukumbuka, hutazama mkono upi umekakamaa. Dakika mbili hizo zinaweza kuwa na thamani kuliko vipimo vyote vilivyotangulia.

Wenzetu wanasomea wapi

Afrika Kusini kazi hii inasomewa chuo kikuu. Katika shahada ya teknolojia ya kitabibu ya miaka 4, kama ile ya Durban University of Technology, neurofiziolojia, yaani upimaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, ni mojawapo ya michepuo, pamoja na moyo, figo na mapafu. Mhitimu husajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo kabla ya kugusa mgonjwa peke yake. Uingereza ina shahada ya miaka 3 ya sayansi ya afya yenye mchepuo huohuo, sehemu yake ikifanyika hospitalini.

Marekani mtu husoma cheti au diploma, kisha hukaa mtihani wa bodi iitwayo ABRET, iliyoundwa mwaka 1964. Kabla ya mtihani lazima awe na kumbukumbu za vipimo halisi alivyovifanya. Ngazi haiishii hapo. Mwenye uzoefu anaweza kuhamia chumba cha upasuaji, akafuatilia mishipa ya fahamu wakati daktari anatoa uvimbe wa uti wa mgongo na kumwonya kabla mguu haujapooza. Anaweza kukesha na wagonjwa mahututi, akapima kasi ya mishipa ya mikono na miguu, au akafanya kazi kwenye maabara ya usingizi.

Kote huko mafunzo yana sura moja: darasa kwa mwili na umeme, kisha mamia ya vichwa chini ya jicho la mwalimu. Mikono haijifunzi kwa video.

Hapa kwetu

Afrika Mashariki haianzii sifuri. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanza mwaka 1989, EEG ilitumika kuchunguza watoto wenye malaria iliyopanda kichwani. Ilionekana kwamba baadhi yao waliolala kimya kana kwamba wamepoa, ubongo wao ulikuwa bado unaendelea na degedege. Ishara pekee ya nje ilikuwa jicho kucheza au pumzi kubadilika. Daktari mwenye macho makali peke yake angeweza kupitwa. Hospitali kubwa za Nairobi na Dar es Salaam zinatoa kipimo hiki pia.

Tatizo ni anayekifanya. Mara nyingi ni muuguzi au ofisa tabibu aliyefundishwa kazini na mwenzake, au kwa siku chache na aliyeleta mashine. Wengi wao wamejituma wakawa hodari. Lakini hodari wa namna hiyo akihamishiwa wodi ya wazazi, ujuzi wote wa idara unaondoka naye, na mashine inafunikwa shuka. Mteknolojia wa maabara nchini Tanzania ana vyuo, ana muundo wa utumishi na ana baraza lake. Wa mionzi vilevile. Anayegusa ubongo anastahili njia ya namna hiyo.

Wapo watakaosema madaktari bingwa wa ubongo ni wachache, tuanze nao kwanza. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Rekodi ya EEG ni faili. Hutumwa kwa intaneti kutoka Sumbawanga na kusomwa Muhimbili, Nairobi au hata Ulaya siku hiyohiyo. Daktari bingwa mmoja anaweza kuhudumia mikoa mitano kwa njia hiyo. Kisichotumwa kwa intaneti ni mtu wa kupima kichwa, kusugua ngozi, kuuliza kuhusu selimundu na kumgeuza ubavu anayeanguka. Uchache wa mabingwa ndio sababu ya kuandaa wapimaji wengi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliridhia mpango wa hatua kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, unaoishia 2031. Shahada moja ya miaka minne ikianza leo, wahitimu wake wa kwanza wataingia kazini muda huo ukiwa unayoyoma.

Kwa kijana, kwa mzazi, kwa wizara

Kijana unayechukua PCB ukidhani mlango pekee ni udaktari, hapa kuna kazi inayotumia masomo yote matatu kwa siku moja: fizikia ya umeme, kemia ya chumvi na jeli, baiolojia ya ubongo. Inataka mikono yenye utulivu, subira na watoto wanaolia, na ukweli wa kuandika "kisahani kilibanduka" hata kama kosa ni lako. Kwa sasa njia iliyo wazi ni kuanza na uuguzi, utabibu au uhandisi wa vifaa tiba, kisha kutafuta mafunzo katika hospitali yenye idara ya EEG au nje ya nchi. Chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa, ILAE, kina masomo ya mtandaoni ya EEG ambayo yanafaa kwa nadharia.

Mzazi uliyepewa barua ya EEG, fumua misuko na umwoshe mtoto nywele kwa sabuni usiku uliotangulia, bila kupaka mafuta. Mpe chakula na dawa zake kama kawaida, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Sema kama ana selimundu. Nenda na mtu aliyeona anavyoanguka, na kama mna video ya tukio kwenye simu, ionyesheni.

Kwa wizara za afya na vyuo vyetu, ombi ni la vitendo. Andikeni mtaala, anzeni na darasa dogo katika hospitali mbili au tatu zenye mashine na wasomaji, wapeni wahitimu usajili na cheo katika muundo wa utumishi, na msiwahamishe ovyo. Mkataba wowote wa kununua mashine ya EEG uwe na bajeti ya kumsomesha atakayeitumia. Usipokuwa nayo, usisainiwe.